Sauti ya Guracha Imekwama Kwenye Simu

Guracha aliingia kibandani kwangu akiwa ameloa mpaka kiunoni, akafungua mdomo, akatoa hewa tupu. Nikajua ananitania. Mimi hutania watu kutwa, kwa hiyo na mimi nikafungua mdomo, nikamjibu kwa hewa.

"Zadock, wacha ujinga!" Mkewe, Mumina, alikuwa nyuma yake, nguo zimeshika matope. "Sauti yake imeisha. Ameita ng'ombe tangu jana mpaka koo imekufa. Tengeneza simu. Na kama ni mchezo wako, toa saa hii. Leo si siku."

Akaitupa simu mezani.

Simu hiyo naijua vizuri. Shemeji yake Guracha alimtumia kutoka Arabuni, ikafika hapa Garsen imefungwa, haikubali laini yoyote ya kwetu. Mimi ndiye nilivunja kufuli zote za kiwandani, nikairuti, ikawa inasikia ninachoiambia. Tangu siku hiyo kila ikiwaka inaanza kwa kutoa onyo la Kiingereza: kifaa hiki kimefunguliwa, hakiaminiki. Ni kawaida, simu yoyote iliyofunguliwa hulalamika hivyo kisha inaendelea na kazi yake. Lakini Guracha aliponiuliza inasema nini, nilimwambia, "Inakusema wewe."

Halafu kuna mzaha mwingine. Niliiwekea mlio wa ng'ombe anayeita ndama. Haulii hovyo, unalia mama mkwe wake akipiga tu. Guracha aliugundua msikitini. Aliniamuru niutoe, nikamwambia nitautoa kesho. Kesho yenyewe mpaka leo haijafika.

Kwa hiyo sikumlaumu Mumina kunishuku.

"Mama, mimi sijaigusa tangu ile siku. Kwani iko na nini?"

Akanieleza kwa pumzi moja. Mto umefura. Ng'ombe wao wote, mali ya ukoo mzima, wako kwenye mwinuko ng'ambo ya maji na maji yanapanda. Mitumbwi yote iko mbali inahamisha watu. Ng'ombe wenyewe wanaweza kuogelea, hiyo wanajua, lakini hawaingii kwenye maji kwa kuswagwa nyuma. Wanaingia wakiitwa na mtu wao kutoka mbele, na mtu wao ni Guracha. Ameita, upepo umemrudishia sauti mdomoni, mpaka sauti ikaisha.

"Na ndani ya hiyo simu," Mumina akasema, "yeye iko. Alipoenda kung'olewa jino kule Hola alijirekodi, akaacha simu na ndugu yake, ng'ombe wakaja wote. Tunataka hiyo sauti, na tunataka hiyo spika ya kwaya yenu. Kila Jumapili inatupigia kelele mpaka ng'ambo. Leo itusaidie."

Spika ilikuwa hapo hapo chini ya meza yangu, inachaji. Ni ya kwaya ya kanisa letu, na mlinzi wake ni Mama Dinah, jirani yangu anayeuza mahamri. Alikuwa amesimama mlangoni na kijiko chake cha kukaangia, anasikiliza.

"Spika ya Bwana ikaite ng'ombe?" akasema.

"Mama Dinah, Nuhu naye aliingiza ng'ombe."

Akafikiria. "Aliingiza wawili tu," akasema, lakini hakukataa.

Sasa nikashika simu. Iko ndani ya kasha la ngozi ya ng'ombe, zuri ajabu, limeshonwa kwa mkono pande zote, limeachwa dirisha la kioo, tundu la chaja na kitobo cha kuwashia. Nikaiwasha. Onyo likatokea, haiaminiki na kadhalika. Nikangoja picha ya kiwanda, ile nembo yao. Haikuja. Badala yake kikatokea kioo cheusi chenye maandishi madogo, ile menyu ya mafundi, ambayo mtu wa kawaida hapaswi kuiona maisha yake yote.

"Hapo ndipo inaganda," Mumina akasema. "Tulianzia kwa Oliver."

"Mlianzia kwa Oliver!"

"Si tulijua ni wewe umeiharibu? Mtu anapeleka kesi kwa mwizi?"

Oliver ni fundi mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu. Alikuwa ameshavuka barabara, mikono mfukoni, anafurahia.

"Nimewaambia ukweli," akasema. "Simu ikishavunjwa kufuli na huyu, dawa ni moja. Futa kila kitu, iflashi, ianze upya. Guracha akanipokonya simu kama mtoto wake."

Guracha akatikisa kichwa kwa nguvu, akajishika koo, akaonyesha simu. Alikuwa na haki. Ukifuta kila kitu, simu inapona na sauti inakufa. Na Oliver hakuwa amesema jambo la kipuuzi, wengi wetu huku ndivyo tunavyofanya, kwa sababu ni haraka na inafanya kazi. Leo ndiyo haikufaa.

"Wewe ulisoma hadi chuo," Oliver akanichokoza. "Tuonyeshe."

Nilisoma kompyuta mpaka mwaka wa tatu, nikaja nyumbani likizo, na likizo bado inaendelea. Nikavuta laptopu.

Kwanza betri. Simu yenye betri dhaifu hufanya vituko vingi. Nikachomeka chaja, betri nzima. Nikaiunganisha na laptopu kwa waya, nikaiuliza kama iko hai. Ikajibu. Nikapumua, kwa sababu simu inayojibu haijafa, imekwama tu. Nikaiamuru iwake kawaida. Ikazima, ikawaka, ikatoa onyo, ikarudi pale pale kwenye menyu nyeusi. Nikarudia. Vile vile.

"Programu ya kuruti ndiyo imeharibika," Oliver akasema.

"Ingekuwa hiyo, ingefika kwenye picha ya kiwanda ndiyo ianguke. Hii haifiki hata mlangoni."

"Basi ni jini," Mama Dinah akasema, kijiko kingali mkononi.

Guracha alikuwa anachungulia nje, upande wa mto, kama mtu ambaye anaweza kuwaona kutoka hapo. Mumina alimshika mkono. Hapo hamu ya mizaha ikanitoka kabisa. Nikaweka simu mezani, nikakunja mikono, nikaiangalia tu.

Menyu ile ina mistari minne: anza, washa upya, okoa, zima. Alama ya kuchagulia ikashuka kutoka mstari wa kwanza kwenda wa pili. Ikashuka wa tatu. Ikashuka wa nne, ikarudi juu, ikaanza kushuka tena.

"Nani ameigusa?" nikauliza.

"Hakuna," Oliver akasema. Alikuwa ametoa mikono mfukoni.

"Jini," Mama Dinah akasema tena, sasa akirudi nyuma.

Hiyo alama haishuki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kupunguza sauti. Na hiyo hiyo ndiyo njia ya kuingia kwenye menyu nyeusi: unawasha simu huku umefinya kitufe cha kupunguza sauti. Yaani simu ilikuwa nzima! Kila ikiwaka, kuna kidole kimefinya kitufe, na simu inatii kama ilivyofundishwa. Nikapapasa ubavu wa kasha. Ngozi ilikuwa imekaza kama ngoma.

"Mumina, hii ngozi ilikuwa imebana hivi?"

Akaipapasa. Macho yakamtoka. "Wallahi haikuwa hivi! Jana alivuka maji nayo shingoni. Haikuingia ndani, ngozi peke yake ililowa. Akaianika juu ya mabati ikauke." Akamgeukia mumewe. "Ngozi ikilowa ukaianika jua kali inavuta! Wewe umekaa na ngozi maisha yako yote!"

Guracha akafungua mdomo kujitetea. Hewa.

"Lete wembe," nikasema.

Guracha akaruka, akafunika simu kwa mikono miwili. Nikashangaa. Mumina akaangalia chini.

"Mama yangu ndiye alishona," akasema. "Alimpa siku ya harusi yetu. Kwetu mama mkwe akikushonea kitu, wewe mwanaume hukati uzi wake. Ukikata ni kama umekata undugu. Mwenye ruhusa ni yeye."

"Kwa hivyo ng'ombe wazame?" Oliver akauliza, na safari hii hakuwa anachokoza.

Nikampa Mumina simu yangu. "Mpigie."

Akapiga, akaweka sauti ya nje. Mama mkwe akasikiliza yote, maji, ng'ombe, kasha, wembe, bila kukatiza. Kisha akauliza, "Mkwe wangu yuko hapo?"

"Yuko mama, lakini hana sauti."

"Vizuri, basi atanisikia leo. Wewe Guracha! Ngozi ilitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wakiisha mimi nitakushonea lingine kwa ngozi ya nani, ya kwangu? Mumina, kata! Na mkimaliza niambieni kama wamevuka."

Mumina akachukua wembe, akasema bismillahi, akakata mshono wa mama yake uzi baada ya uzi, bila kuumiza ngozi. Kasha lilipoachia tulisikia kitufe kikiruka: tik.

Nikaiwasha. Onyo. Haiaminiki. Halafu picha ya kiwanda. Halafu picha ya Guracha mwenyewe na fahali wake, wote wamekaza uso.

Mama Dinah alipiga kigelegele mpaka mahamri yakaungua.

Tukaondoka na pikipiki mbili, mimi na Mumina na spika kwenye moja, Guracha kwenye nyingine, na Oliver akaacha kibanda wazi akaja nyuma na baiskeli ya mtu. Tulipofika ukingoni nikaona kwa nini Guracha aliita mpaka akabaki na hewa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanabeba miti mizima. Ng'ambo, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki, ng'ombe wamebanana, pembe tupu zinaonekana.

Nikaweka spika juu ya kichuguu, nikaiunganisha na simu, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Guracha akabonyeza mwenyewe.

"Hooo-yaa! Hoo! Hooo-yaa, Diima!"

Sauti yake, ile ya zamani, pana kama mlango wa boma, ikatoka kwenye spika ya kwaya na kuvuka yale maji yote. Hata mimi nilitaka kwenda. Guracha alisimama mbele ya spika, mikono juu, mdomo unafunguka pamoja na maneno, ili ng'ombe wamwone akiita.

Kule mwinukoni kichwa kimoja chekundu kikainuka.

"Diima," Mumina akanong'ona. "Huyo ndiye kiongozi."

Diima akanusa maji. Akarudi nyuma. Spika ikaita tena. Akaingia mpaka magoti, mpaka kifua, halafu akawa kichwa na pembe tu, anakuja. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake kumi, nyuma yake wote, mstari mrefu wa pembe unaokata mto huku maji yanawasukuma chini nao wanarudi juu. Mimi niliomba mamba wote wawe wameshiba. Oliver alikuwa anapiga kelele, "Kujeni! Kujeni!" kama vile wanamjua.

Diima alipotoka majini alienda moja kwa moja kwa Guracha, akampiga kichwa tumboni. Akamwangusha. Guracha alikaa chini kwenye tope, amekumbatia shingo ya ng'ombe, machozi yanashuka bila sauti yoyote.

Ndipo Mumina akasema, "Ndama."

Kule ng'ambo walibaki ndama, kikundi kidogo, wameogopa. Mama zao huku wanawaita lakini upepo unazila sauti zao. Spika ikaita, hooo-yaa. Ndama hawakusogea. Hawajawahi kufuata Guracha, wao hufuata mama zao.

Maji yalikuwa yanalamba kwato zao. Guracha akavua shuka, anataka kujitupa. Mumina akamkamata kiuno, mimi mguu.

Hapo simu ikalia.

"MMMOOOOO!"

Kwenye spika ya kwaya, sauti mpaka mwisho: ng'ombe anayeita ndama. Mama mkwe anataka kujua kama wamevuka.

Masikio ya ndama wote yakasimama.

"Usipokee!" nikapiga kelele. "Mtu asipokee!"

"MMMOOOOO!"

Wa kwanza akaruka ndani. Wakafuata wote, vichwa vidogo kama nazi zinazoelea. Simu ikakatika, roho zetu zikakatika nayo. Mama mkwe si mtu wa kukata tamaa, akapiga tena. "MMMOOOOO!" Sisi tumeingia majini mpaka kifuani, Guracha, Oliver na mimi, tunawadaka mmoja mmoja na kuwasukuma nchi kavu. Mumina akawahesabu kwa kuwagusa vichwa, akarudia, akainua mikono.

"Wote! Alhamdulillahi, wote!"

Ndipo akapokea simu.

"Mbona hampokei?" mama mkwe akanguruma kwa spika, na ng'ombe wote wakageuka kumsikiliza. "Wamevuka?"

"Wamevuka, mama! Umewavusha wewe!"

"Mimi? Vipi mimi? Mnacheka nini?"

Hatukuweza kumwambia. Oliver alikuwa amelala chini, anashika mbavu. Nikachukua simu kwa adabu, nikamwambia Guracha, "Ndugu yangu, sasa nautoa huo mlio. Nilikuahidi."

Guracha akanishika mkono. Akavuta pumzi, akakaza shingo, na kutoka chini kabisa ya lile koo lililokufa likatoka neno moja, kavu, lakini neno.

"Wacha."