Zimesogezwa Mbele

Jina la Kiberiti alipewa utotoni kwa sababu mbili: alikuwa mfupi, na alikuwa hakawii kuwaka. Wakati huo miguu yake yote miwili ilikuwepo. Wa kushoto alikatwa chini ya goti baada ya lori la mchanga kurudi kinyumenyume bila dereva kujisumbua kutazama, na watu wa mtaani wakasema basi tena, kiberiti kimelowa. Wapi! Alipopata mguu wa kukimbilia, ule mwembamba uliopinda ambao nyumbani kwao waliuita upinde, aliwaacha wengi wakila vumbi, na wale wale waliomsikitikia wakaanza kujigamba kwamba wamekua naye.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mkimbiaji wa mita mia huanza kuitwa shangazi na wapinzani wake. Medali alikuwa nazo, nyingine zimetundikwa ukutani na nyingine wapwa zake wamezipoteza wakizichezea. Kitu kimoja tu alikuwa hajakipata, nacho ni kuingia kwenye timu ya taifa ya michezo ile mikubwa. Mara ya kwanza aliugua. Mara ya pili alipitwa mstarini, akalia mpaka sauti ikakauka. Siku hii walikuwa wanachagua tena, na mwalimu wake hakumficha.

"Mwanangu, hii ndiyo ya mwisho. Wewe unajua, na mimi najua. Leo ukitoka mikono mitupu, tunatundika viatu."

"Kiatu," alimsahihisha Kiberiti. "Mimi natundika kimoja."

Mwalimu alicheka, akapanda jukwaani, kwa sababu kwenye chumba cha kusubiria kila mkimbiaji aliruhusiwa msaidizi mmoja tu. Wa Kiberiti alikuwa kaka yake, fundi baiskeli, mtu mwenye mikono myeusi ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya mche. Ndiye aliyekuwa akikaza skrubu za upinde tangu ulipokuwa mpya. Hakuna binadamu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Chumba kilikuwa chini ya jukwaa. Kilikuwa na benchi za mbao, sakafu ya saruji, na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita. Hakikuwa na dirisha. Joto lilikuwa kali kiasi kwamba dawa ya kuchulia misuli ilikuwa inawachoma watu macho.

Na joto ndilo adui wa mguu wa bandia. Kigutu kwanza huvalishwa soksi nene ya mpira, kisha husukumwa ndani ya kikombe kigumu kilichofinyangwa kwa vipimo vyake, kikabana barabara. Kikibana, unakimbia. Kikilegea, unakwenda chini. Lakini kikombe hakibadiliki, na kigutu ni nyama. Ukikitoa kwenye kikombe siku ya joto kinaumuka kama unga uliotiwa hamira, na kikishaumuka hakisikii la mtu. Ndiyo maana mwalimu aliweka sharti moja: siku ya mbio ukishavaa, huvui.

Kiberiti alikuwa amevaa. Tatizo ni kwamba kwenye ncha ya kigutu palikuwa na kidonda, si kikubwa, lakini ndani ya ule mpira uliojaa jasho kilikuwa kinamuunguza. Alikuwa ameketi ameng'ata meno, akiomba waitwe haraka.

Mlango ukafunguliwa. Msimamizi, kijana mpole mwenye redio ya mawasiliano kiunoni, akaingiza kichwa.

"Akina dada wa mita mia! Mbio zenu zimesogezwa mbele." Akaondoka mbio, maana alikuwa na vyumba vingine vya kupitia.

Kiberiti alishusha pumzi, akaegemea ukuta. Zimesogezwa mbele. Hata kukasirika hakuweza. Kama alivyozoea, shughuli zikisogezwa mbele hapo ni kungoja mpaka makalio yaote sugu.

"Afadhali," kaka yake alisema. "Vua basi, kipate hewa kidogo. Hicho kidonda kitakumaliza kabla ya mbio."

"Mwalimu kasema tusivue."

"Mwalimu ana kigutu?"

Wakacheka wote wawili. Akavua. Hewa ilipogusa ngozi aliona raha mpaka akafumba macho, na kaka yake akawa anampepea kwa taulo. Wenzake watano hawakuvua. Wao hawakuwa na kidonda. Mmoja wao, msichana aliyetoka mbali na asiyejua lugha vizuri, hata tangazo lenyewe hakulielewa, akabaki ameketi na mguu wake kama alivyokuja.

Walikaa hivyo kwa muda wa kutosha kumsimulia mtu habari za nyumbani. Kisha mlango ukafunguliwa tena.

"Haya, akina dada, tunatoka!"

"Tunatoka wapi?" Kiberiti aliuliza.

"Uwanjani. Si niliwaambia? Wanaume wa mbio ndefu wameahirishiwa, ninyi mmesogezwa mbele."

Kiberiti hakungoja kubishana. Alivuta soksi ya mpira, ikapanda kwa shida, akatia kigutu kwenye kikombe na kusukuma. Kikaingia nusu, kikagoma. Alisimama akakandamiza kwa uzito wote wa mwili. Kaka yake alipiga magoti, akavuta kwa chini, mishipa ya shingo ikamtoka. Walipaka mafuta. Walikifunga bendeji wakakikamua kama nguo ya kufuliwa, na kidonda kikapasuka, damu ikachafua taulo. Kigutu kilibaki nje vidole viwili. Vidole viwili tu! Kwa mguu wa kutembelea ungeweza kujidanganya. Kwa mita mia, hapana.

"Dada, wanakusubiri wewe tu," msimamizi alisema.

"Ulisema mbele!" Kiberiti aliwaka. "Mbele ni baadaye! Siku za mbele ni zipi? Si zile ambazo hazijafika?"

Kijana wa watu alimtazama kwa huruma ya kweli. "Na aliye mbele kwenye foleni, dada, ni nani? Si ndiye anayeanza?"

Hilo ndilo lililomuumiza Kiberiti kuliko yote. Angempata mtu wa kumlaumu, hata wa kumtukana tu, angepumua. Kijana alisema neno sahihi, naye alilisikia sahihi. Redio ikakoroma kiunoni. Msimamizi alisema ndani yake, "Mstari wa nne hayupo," kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa habari za msiba, akawaongoza wale watano nje.

Mlango ulibaki wazi. Kutoka pale alipoketi hakuona kitu ila kipande cha ukuta wenye jua. Alimfikiria mwalimu huko juu, akihesabu vichwa, akirudia kuhesabu. Bunduki ikalia. Jukwaa likatetemeka juu yao kwa miguu ya watu, kelele zikapanda, zikafika kileleni, zikashuka. Ikawa imekwisha.

"Nitukane," kaka yake alisema. Alikuwa bado amepiga magoti, upinde mikononi, machozi yakichuruzika. "Nitukane, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekwambia uvue."

"Nyamaza. Inama unibebe."

Hapakuwa na njia nyingine. Mguu wa kutembelea ulikuwa na kikombe cha vipimo vile vile, na kiti cha magurudumu alichoahidiwa hakikutokea. Akaupanda mgongo wa kaka yake kama enzi za utoto, akakumbatia shingo kwa mkono mmoja na kushika upinde kwa mwingine, wakapita kwenye ushoroba mrefu mpaka geti la nyuma.

Pale nje palijaa watu walionunua maji na kukimbia jua, ambao mbio hizo walizisikia tu. Wakaona mwanamke mwenye namba kifuani amebebwa mgongoni, na mwanamume anayembeba analia. Wangeelewa nini kingine?

"Bingwa huyo!" mtu mmoja alipiga kelele. Makofi yakalipuka. Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakakidaka. Wakawazunguka, wakampigapiga Kiberiti mgongoni, wakamwambia hongera, hongera sana, umetutoa kimasomaso.

Kaka yake alisimama, hana pa kupita. "Niwaambie?" alinong'ona.

"Uwaambie nini?"

"Unyanyue huo mguu!" watu walipaza sauti. "Unyanyue juu tuuone!"

Kiberiti, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa la kusema, alitafuta la kusema akalikosa. Akaunyanyua.