Gharama Alizozisamehe Baba Mdogo

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, napanga sampuli. Nachota mchele kwenye kila gunia, naupepeta, nachagua mawe, kisha naumwaga kwenye masinia mbele ya duka letu la Ipogolo: wa Madibira kulia, wa Kyela kushoto, na wa kuchanganya nyuma, kwa watu wasiouliza maswali. Asubuhi ile nilikuwa bado na ungo mikononi simu ilipoita. Alikuwa Anwari, wakili wetu wa Mbeya, na alipiga kelele hata jirani yetu muuza mabati akageuka.

"Nusrat! Tumeshinda! Mwambie mzee, tumeshinda!"

Nilimpelekea Baba mdogo Makame simu kule nyuma alikokuwa akipima maharage. Alisikiliza, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, kisha akaketi juu ya gunia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Funga mlango mmoja," akaniambia.

Nikaufunga. Kwetu mlango mmoja hufungwa mtu akifa. Sikuuliza nani kafa.

Muuza mabati akaja kutujulia hali. "Mmeshinda nini?"

Nikamweleza kama nilivyoelewa. Halmashauri ilitangaza zabuni ya kupeleka mchele kwenye shule za bweni, ikaweka sharti kwamba mwombaji awe ameihudumia halmashauri hiyohiyo miaka mitatu mfululizo. Anayeihudumia ni mfanyabiashara mmoja tu. Ni kama kutangaza kwamba binti anatafutiwa mume, halafu useme awe ni yule aliyekwisha kumuoa. Baba mdogo alilalamika, wakampuuza, Anwari akakata rufaa. Sasa wameambiwa waliondoe sharti lile, watangaze upya, na waturudishie gharama za kesi tukizipeleka na vithibitisho vyake.

"Kwa hiyo zabuni mmepata?"

"Hapana. Tumepata nafasi ya kuomba."

"Kwani mwanzo mlikatazwa kuomba?"

"Hatukukatazwa. Ila tusingepata."

"Na sasa mtapata?"

"Sijui."

Akanitazama kwa huruma. "Basi poleni," akasema, akarudi kwenye mabati yake.

Haikupita wiki, Kalinga akaingia dukani. Huyu ndiye afisa manunuzi wa halmashauri, aliyekuwa upande wa pili wa kesi, na hajawahi kukanyaga kwetu hata kuulizia bei. Nilidhani amekuja kugomba.

"Kamwene, mzee Makame!" akasalimia kwa Kihehe, akicheka. "Nyie watu wa pwani mnajua kutupeleka mbio."

"Pwani gani, bosi? Mimi nimezaliwa hapahapa Iringa. Bahari naiona kwenye kalenda."

Wakacheka wote wawili. Nikaleta chai. Kalinga akachukua punje za mchele wa Madibira, akazitafuna mbichi, akausifu. Akauliza hali ya biashara, akauliza nimesoma chuo gani. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nikijiuliza kama huyu ndiye yule mtu ambaye Anwari alikuwa akimtaja kwa hasira kwenye simu.

"Sasa, mzee," akasema alipomaliza chai, "zabuni inarudi. Sisi tunatafuta watu wa kufanya nao kazi, watu wa kuelewana. Haya mambo ya kudaiana gharama yanaharibu sura. Ushindi si umeshaupata?"

Baba mdogo alicheka, kicheko kirefu kuliko maneno yenyewe. "Yameisha hayo. Mimi ni mtu wa dini. Nimesamehe. Huyu mwanangu shahidi, gharama zote nimezisamehe."

Kalinga akamshika mkono kwa mikono miwili. Alipotoka, Baba mdogo alibaki akifuta meza iliyokuwa safi.

Neno la kusamehe kwetu, likishatamkwa mbele ya shahidi, halirudi. Na shahidi nilikuwa mimi. Lakini gharama zile hazikuwa zetu. Risiti zote zina jina la Baba mdogo, hilo ni kweli. Pesa ilitoka kwa Mbuke.

Mbuke ni mama wa Kisukuma anayelima mpunga Madibira. Miaka yote hutupa mchele wake kwa mali kauli, tukiuza ndipo tunamlipa. Kesi ilipoanza na sisi hatuna kitu, alisema kesi ile ni ya mchele wake pia, akapeleka mnadani maksai mmoja kati ya wawili wanaovuta plau lake. Baba mdogo alimwahidi kwamba kesi ikiisha, maksai atarudi kabla ya mvua.

Anwari akanipigia. "Nusrat, vithibitisho vya gharama viko wapi? Muda wa kuvipeleka unakwisha."

"Baba mdogo amesamehe, kaka."

"Amesamehe nini? Nani kamwambia ukidai gharama unanyimwa zabuni?"

"Hakuna aliyesema hivyo. Walikunywa chai tu."

"Walikunywa chai! Na Mbuke je?"

"Sijui."

Neno hilo nilikuwa nimelisema mno siku hizo. Nilitaka kumuuliza Baba mdogo, lakini kila nikimkaribia alikuwa na simu sikioni au gunia begani.

Mbuke alikuja siku ya Alhamisi, na kuku kwapani.

"Mwangaluka, wanangu! Nimekuja kuwasalimia tu."

Baba mdogo aliruka kumpa kiti, kilekile alichokalia Kalinga. Akamsifia kuku, akamuuliza njia ya Mafinga ikoje, akauliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Mimi nilimpokea kuku, nikabaki naye mikononi.

"Nimesikia mmeshinda," akasema Mbuke.

"Tumeshinda, dada."

"Na wale wamekubali?"

"Wamekubali."

"Vizuri." Akatazama nje. "Kwetu mawingu yameanza kukaa chini. Yule maksai aliyebaki anazunguka boma zima, anamtafuta mwenzake. Nimemfunga plau peke yake, akanitazama kama mimi ndiye mwenye wazimu."

Baba mdogo akacheka, kisha akaacha. "Mungu ni mwema, dada."

"Mwema. Mimi nimekuja kuwasalimia tu."

Nilielewa kwamba Mbuke hatasema, maana mgeni hadai kwenye kiti alichopewa. Baba mdogo naye hatasema. Mbuke angepanda basi la kurudi na mvua zingemkuta na ng'ombe mmoja. Sijawahi kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Nilimbana kuku hadi akaanza kufurukuta.

"Baba mdogo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mtu anaweza kusamehe haki ya mwenzake?"

Hakunitazama. "Kwa dini?"

"Kwa dini."

"Hawezi," akasema.

"Basi..." nikaanza.

Mbuke alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Kuna haki ya nani imesamehewa hapa?"

Baba mdogo alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaikunja, akaikunjua.

"Yako, dada. Yule afisa alikaa hapo ulipokaa, akanywa chai yangu, nikamwambia nimemsamehe gharama za kesi. Kwa jina la dini."

"Ukasamehe maksai wangu?"

"Sikusamehe." Sasa alimtazama usoni. "Niliogopa. Niliona nikidai, watanifungia mlango mwingine ambao siwezi kuukatia rufaa. Niliogopa, dada, huo ndio ukweli wenyewe. Nusrat, muweke huyo kuku chini, mpigie Anwari. Mwambie nazidai zote, na Kalinga nitampigia mwenyewe nimwambie nilidanganya."