Kibwezi ya Kupewa

Mutomo wapo watu wasiompenda Kasiva, maana ana mdomo, lakini hata hao wanakubali kwamba akisema jambo, litafanyika au mtu atalia. Alipotimiza miaka hamsini alisema atakimbia kutoka hapo nyumbani mpaka Kibwezi, zaidi ya kilomita sabini, kwa siku moja, bila kupanda chochote chenye magurudumu. Watu walicheka wakashika mbavu. Kukimbia kwenyewe ni kazi, na Kasiva haoni. Presha ya macho ilimla macho polepole, kwanza pembeni, halafu katikati, na sasa hata jua analijua kwa ngozi tu.

Waliocheka hawakuelewa kilichomtia mbioni. Siku macho yalipokwisha kabisa, kila mtu aligeuka kuwa mkubwa wake. Cherehani yake iliuzwa, eti asije akajidunga. Jikoni alipigwa marufuku. Kanisani alishikwa mikono na wasichana aliowafundisha shule ya Jumapili yeye mwenyewe, akaketishwa kama mgonjwa, na mtu akitaka kujua kama mama atakunywa chai, alimwuliza mumewe. Kasiva alikuwa akikasirika mpaka masikio yanavuma, lakini afanye nini? Ukiwa huoni, hata hasira huna pa kuielekeza. Unaweza kumfokea mtu kumbe ameshaondoka.

Ndeti, mumewe, ndiye aliyekuja na kamba. Haikuwa ndefu. Alishika ncha moja, Kasiva akashika nyingine, wakaanza kukimbia asubuhi kwenye lami mpya. Kwenye kamba hakuna anayemburuta mwenzake. Mkipishana hatua, nyote wawili mnajikwaa. Ndeti alikuwa akisema, "Kona, kushoto. Mbuzi. Mlima kidogo," na Kasiva alimfuata bila kusita. Lami yenyewe ilijengwa macho yake yakiwa yamekwisha, hajapata kuiona. Yote aliyoyajua kuhusu barabara hiyo yalitoka kinywani mwa mumewe, na hakuwahi hata siku moja kumwuliza mtu wa pili kama ni kweli.

Basi hicho ndicho alichokitaka: kitu kimoja maishani ambacho hakupewa na mtu. Akakichagulia jina, Kibwezi, akafanya mazoezi mwaka mzima.

Walitoka kabla ya kupambazuka. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekodi gari wakamngojee mwisho wa safari, wakiongozwa na Wavinya, jirani yake na rafiki yake tangu waolewe. Wavinya ni mnene na mcheshi, na sauti yake ya kuimba inatosha makanisa mawili. "Wewe fika tu," alimwambia Kasiva wakiagana. "Tutakuimbia mpaka watu wa Mombasa waulize kuna nini."

Mji wa Ikutha waliupita jua likiwa limeanza ukali. Hapo Kasiva alitapika, akasukutua mdomo, akaendelea. Alikuwa ameambiwa na waliowahi kukimbia mbali kwamba tumbo hugoma mara moja halafu hunyamaza, na la kwake lilinyamaza. Mapaja yaliwaka, unyayo ulichubuka, lakini maumivu hayo aliyapokea vizuri. Yalikuwa ya kwake, na hakuna aliyeweza kumshauri ayaache nyumbani.

Walipokaribia mto Athi, hewa ilibadilika. Ubaridi ulipanda kutoka chini, na maji yakasikika yakipita kwenye mawe.

"Hii ni Athi," Kasiva akasema kabla Ndeti hajafungua mdomo.

"Ni yenyewe. Ukimaliza hii daraja umeingia kaunti ya Makueni."

Akavuka akipiga kelele kama msichana wa shule. Alifurahi, furaha ya kweli, ya mtu aliyetambua mahali bila kuambiwa.

Baada ya daraja ndipo aliposikia kwenye kamba kwamba mambo si sawa. Hatua ya Ndeti ilikuwa ikianguka vibaya, moja nzito, moja nyepesi, na kamba ilikuwa ikivutwa chini kila baada ya hatua ya pili.

"Baba Mutanu, ni goti?"

"Goti gani? Ni viatu tu. Wewe kimbia."

"Si useme tu kama ni goti."

"Nimesema ni viatu."

Wakatembea kwenye mlima, wakakimbia kwenye mteremko, na mteremko nao ukawa wa kutembea. Mahali fulani Ndeti alisema anaenda haja, akamwacha ameegemea kibao cha barabarani. Alikawia. Kasiva alisikia sauti yake kwa mbali, ya chini, sauti ya mtu aliye kwenye simu. Alidhani anazungumza na Mutanu, binti yao aliye Nairobi, akimwambia mama bado yuko barabarani na hajachoka. Akatabasamu peke yake pale juani, maskini, hana hili wala lile.

Waliporudi barabarani, Ndeti akaanza kuwa na maneno mengi. "Naona mabati. Naona mnara wa simu. Mama Mutanu, mji ndio huu."

"Mapema hivi?"

"Ni vile umekimbia vizuri. Hata mimi nashangaa."

Hata yeye alishangaa. Halafu vigelegele vikapasuka mbele, vya akina mama wale wale anaowajua, na sauti ya Wavinya ikiwa juu ya zote: "Karibu Kibwezi! Kasiva wetu, umetuweza!" Akamwagiwa maji kichwani, akafungwa leso mabegani, akatiwa soda mkononi. Mtu akasema cheka tukupige picha, akacheka. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, na hakuona haya. Miaka yote ile ya kuketishwa na kuinuliwa, na leo amefika mahali kwa miguu yake.

"Mbona sisikii malori?" aliuliza akijifuta. "Si Kibwezi iko kwa barabara ya Mombasa?"

"Tuko huku nyuma, upande wa soko," Ndeti akasema upesi. "Huku ni kumetulia."

Akina mama wakaanza wimbo. Walikuwa katikati ya ubeti wa kwanza matatu iliposimama hapo karibu, na kondakta akapiga bodi kofi. "Kibwezi wawili! Kibwezi wawili twende!"

Wimbo ukakatika. Sauti zote zilikufa pamoja, hata ya Wavinya, na hapo ndipo Kasiva alipojua. Kondakta mmoja angeweza kuropokwa. Lakini akina mama kumi na kitu hawanyamazi kwa pamoja bila sababu.

"Wewe wa gari," akaita. "Hapa ni wapi?"

"Hapa ni Kwa Kimwele, mathe. Unaenda Kibwezi? Ingia hapa mbele, kiti iko."

"Na miguu ni mbali?"

"Na miguu?" Kondakta akacheka. "Ai, mathe, na miguu utatoka jasho. Panda tu." Alipoona hakuna anayepanda, akapiga bodi tena na gari likaondoka, likielekea Kibwezi.

Kila mtu alingoja afoke. Mdomo wa Kasiva unajulikana tarafa nzima. Lakini aliacha tu soda immwagikie mkononi.

"Baba Mutanu."

"Ulikuwa unayumba," Ndeti akasema. "Ulitapika. Nikaona nitarudi nyumbani na maiti."

"Nilitapika Ikutha. Baada ya Ikutha nimekutapikia wapi?"

Mama mmoja akakohoa. Ndeti alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni goti. Ilikataa kwa daraja. Nikaona nikisema, itakuwa ni mimi nimekuangusha. Mwaka mzima umejitayarisha, halafu iwe ni mimi. Nikapigia kina Wavinya warudi hapa. Usiwalaumu, nililia kwa simu."

Kasiva alimhurumia. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwamba alimhurumia. "Ungesema tu," akamwambia. "Ungesema, tungekuja tena mwezi ujao. Sasa nitakuja na nani?"

Ndeti akainama akasugua goti.

Kasiva akanyosha mkono wenye kamba. Jua lilikuwa bado juu, miguu yake ilikuwa bado yake. "Nani atanishika nimalize?"

Macho yalikuwa mengi pale; miguu ndiyo iliyokosekana. Wavinya, kwa aibu na kwa mapenzi, akaishika ncha ya pili akiwa na viatu vyake vya kanisani, wakaanza mbio. Walipolipita duka la mwisho alikuwa anahema kwa nguvu, na akasimama ameshika kifua. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, rafiki yangu, siwezi." Mwendesha boda boda aliyekuwa akitazama sinema hiyo akasogea na pikipiki yake, akasema kwa moyo safi, "Mama, panda nikufikishe. Saa hii tu tuko Kibwezi." Alikuwa akimaanisha wema. Siku hiyo kila mtu alikuwa akimaanisha wema.

Kasiva akaitupa kamba, akaanza kukimbia peke yake.

Alitafuta ukingo wa lami kwa unyayo, mguu mmoja kwenye lami, mmoja kwenye changarawe, mikono mbele. Kwa muda mfupi iliwezekana. Halafu changarawe ikapotea, lami ikawa pande zote, na hakujua tena mbele ni wapi. Honi ikalia, kubwa, karibu sana, upepo wa lori ukamsukuma. Mikono ikamdaka kutoka nyuma, ya Wavinya, ya mwendesha boda boda, ya watu asiowajua, wakimshika viganja, viwiko na kiuno, kila mmoja akisema pole mama, pole mama. Walikuwa sahihi. Wangemwachia angekufa. Wakamrudisha kama walivyozoea kumrudisha kila mahali.

Wavinya, akikosa la kufanya, akasema tuombe. Akamshukuru Mungu kwa safari, kwa afya, na kwa kumfikisha dada yetu mahali alipokuwa akienda. Mungu mwenyewe akaambiwa hivyo, mchana kweupe, naye anajua Kibwezi iko wapi. Wote wakasema amina. Kasiva alisikia sauti yake ikisema pamoja nao.

"Ile picha," akauliza, "mmeituma?"

"Imeenda kwa grupu ya kanisa," Wavinya akasema. "Watu wamefurahi sana. Pasta ameandika utatoa ushuhuda Jumapili."

Alikuwa ameshavikwa kilemba cha ukoka, na kukivua kulimaanisha kumwaibisha mumewe mbele ya kanisa zima. Akikubali, ni mwongo. Akikataa, ni mke mbaya asiye na shukrani, na bado haoni, na bado ni Ndeti atakayempeleka hapo mbele kuongea.

Gari la kukodi likawashwa. Akina mama wakapanda mmoja mmoja bila kuimba. Kasiva alibaki nje mpaka mwisho. Alikuwa na baridi ya mtu aliyemwaga jasho lake lote, na magoti yake yalikuwa yameanza kukaza. Mikono ilinyoshwa kumsaidia, akaikataa yote. Mwishowe akashika mkono wa Ndeti. Hakuwa amemsamehe. Ndio mkono pekee aliojua kuushika.

"Twende pole pole," Ndeti akasema akichechemea. "Hapa kwa mlango iko ngazi. Moja tu. Inua mguu."

Akainua. Asubuhi ya siku hiyo hiyo angeuteremsha bila kuwaza. Sasa aliushikilia hapo juu, mguu uliokimbia kutoka Mutomo, na akina mama ndani ya gari wakingoja. Hakujua kama kuna ngazi. Hakuwa na njia ya kujua isipokuwa kumwamini mtu huyo huyo.

"Iko, mama Mutanu," Ndeti akasema. "Naapa iko."

Alitaka kumwamini. Alitaka sana. Mguu ukabaki hewani.