Wembe Kooni pa Baba Mkwe

...sogeeni mbele, ninyi mliojibanza viti vya nyuma, zimeni simu, watulizeni watoto, tegeni mioyo yenu, maana neno la leo ni zito na halisubiri mtu amalize kupiga miayo... hivyo ndivyo atakavyoanza kesho mbele ya kusanyiko, hivyo ndivyo kinyozi alivyokuwa akijisemea kimoyomoyo huku wembe umesimama hewani, vidole viwili tu kutoka kooni pa baba mkwe wake, maana mahubiri humtuliza mkono, mahubiri humsahaulisha, naye alihitaji kusahau, ee Bwana, alihitaji sana kusahau kwamba punde tu, alipoinama kutazama chini ya kidevu cha mzee, sakafu ilivutwa upande mmoja kama shuka linavyovutwa kitandani, kioo kikafuata, chupa za spiriti zikafuata, kisha vyote vikarudi mahali pake vikatulia kama watoto waliosikia mlango ukifunguliwa... havikusogea hata kidogo, ni kichwa chake tu, alikwisha kuelezwa, ni kichwa chake.

“Mwanangu, umesinzia?” aliuliza mzee, macho kafumba, shingo kailaza kwenye mto wa kiti, mshipa wa koo ukidunda taratibu chini ya povu, na kinyozi akajibu kwamba anatafuta mwanga tu, baba, leo mwanga haujakaa sawa, na papo hapo akajisikia aibu, maana mwanga ulikuwa tele, mchana mweupe umejaa dukani, na huo ulikuwa uongo wa ngapi wiki hii?, wa tatu?, wa nne?, mtu anayesimama kila juma kuwakemea waongo... ilianza alfajiri moja, wiki tatu zilizopita, alipojigeuza kitandani kuzima saa, dari likaondoka, akalikumbatia godoro kama mtu aliyetupwa baharini anavyokumbatia ubao, akatapika kwenye beseni alilomshikia mkewe, na wazo la kwanza halikuwa ugonjwa, lilikuwa hukumu, nimepimwa nikaonekana nimepungua, akafunga siku tatu bila chakula wala maji, na kufunga kukamzidishia, hadi mkewe akamwondolea Kitabu mikononi kwa upole na kusema, “Aliyekuumbia masikio ndiye aliyempa daktari akili, baba watoto, vaa viatu twende,” lakini yeye mbishi akapitia kwanza duka la dawa, akapewa vidonge vilivyomlaza kwenye kiti cha wateja, na Mashine, fundi wa kiti cha pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hanyoi ila kwa mashine, akawatangazia watu wote kwamba bosi amehamia huduma mpya, siku hizi ananyoa ndotoni... walicheka, naye alicheka, huku vidole vikishika ukingo wa meza.

Kisha hospitali, na yule mtaalamu wa mazoezi, msichana wa umri wa binti yake, aliyemweleza kwamba ndani ya sikio mna vijiwe vidogo kuliko chumvi, na vijiwe vya sikio lake la kulia vimetoka mahali pake, ndivyo vinavyoudanganya ubongo kila anapogeuza kichwa, na yeye akanuna moyoni, vijiwe?, nimelia mbele za Mungu siku tatu kwa ajili ya vijiwe?, akawa kama yule jemadari mwenye ukoma aliyeghadhibika kwa kuambiwa akaoge tu mtoni, lakini msichana akamlaza, akamgeuza kichwa kulia, akakining’iniza kidogo nje ya ukingo wa kitanda, akakishika kwa mikono miwili kama yeye alivyovishika vichwa vya watu miaka thelathini, chumba kikamzunguka vibaya, “Usifumbe macho, mzee wangu, kitapita,” na kikapita, akamgeuza kushoto, wakasubiri, akamlaza ubavu, wakasubiri, akamketisha, na kuta zikasimama, kinyozi akalia kama mtoto... siku nne za amani, siku nne alizotembea kama mtu aliyerudishiwa nchi yake, kisha kizunguzungu kikarudi, ingawa alifanya zoezi lile kila asubuhi kitandani kwake kama alivyoonyeshwa, akasema basi, tiba ya wengine si yangu, uso wa Mungu umegeuka mbali nami, na lile agizo la mwisho, kwamba asishike kitu chenye makali karibu na mtu mpaka ipite wiki nzima bila kizunguzungu, aliliitikia kwa kichwa na kuliacha palepale mlangoni pa hospitali... na Alhamisi, ah, Alhamisi, ncha ya sikio la mwalimu mmoja aliyekuja kunyolewa, damu kwenye taulo jeupe, na yeye akasema kwa sauti watu wasikie kwamba nani kaacha wembe mbovu hapa, akamtazama Mashine, na Mashine asiyegusa wembe akainama, akaokota pamba.

“Geuza kidogo kulia, baba,” alisema, ilimradi mkono upate muda, na mzee akageuza, na kwenye kioo uso wa mzee ukaelekea mlangoni, kama nyuso zote zilivyofanya miaka yote hiyo, wa kiti akielekea mlangoni, wa kioo naye huelekea mlangoni, wala kinyozi hajawahi kulifikiria hilo, jicho limezoea kuufuata uso ulio mbele yake... ulio mbele yake... ngoja, ngoja kwanza, yule msichana, alipomwonyesha namna ya kufanya nyumbani, waliketi wakitazamana, akasema kulia na kugeuza kichwa chake kuelekea dirishani, na yeye kinyozi, kwa mazoea ya kioo, akageuza naye kuelekea dirishani, lakini dirisha lilikuwa kulia kwa msichana, kwake yeye lilikuwa kushoto, kushoto!, wiki mbili za asubuhi akilitibu sikio zima na kuliacha gonjwa, wala hakuna uso uliogeuka mbali naye, ni yeye aliyegeuka upande usio wake, akakaribia kucheka, maana tiba ipo, iko palepale, ni kurudi tu na kuomba afundishwe tena... basi amalize, alisema moyo wake upesi, amalize kidevu hiki, mistari minne tu, kesho atafanya zoezi kwa upande ulio sahihi na hakuna atakayejua, maana koo hili si koo tu, siku alipokwenda kuposa, mzee huyu aliwafukuza washenga, akaketi uani, akasema, “Ninyoe, nikiweza kukupa koo langu nitakupa na mtoto wangu,” na tangu hapo hakuna mkono mwingine ulioligusa, je, leo amwite Mashine?, aseme mbele ya wateja, baba, siuamini mkono wangu?

“Mtoto wangu ananiambia siku hizi unashikilia kuta,” mzee alisema polepole, bado kafumba macho. “Nikamwambia, kama kuna jambo ataniambia mwenyewe.”

Anajua, kumbe anajua, ameingia, ameketi, amelaza shingo na huku anajua, si kwa kuuamini mkono, mkono gani, ameuweka uhai wake juu ya ulimi wangu, juu ya kwamba nitasema, na mimi nimetafuta mwanga!... povu lilikuwa limeanza kukauka, mshipa ulidunda, Mashine aliipuliza mashine yake nywele zitoke, wembe ulikuwa bado hewani, vidole viwili, na ndani ya kinyozi hotuba ya kesho ikabomoka yote, likabaki neno moja lililomkabili yeye mwenyewe kwanza, wala halikumhurumia ila kwa kumwita:

Wewe uliyesimama wima machoni pa watu na ndani unayumba, unayeomba uponywe na hutaki kuonekana mgonjwa, unayetwika udhaifu wako juu ya ndugu asiyekujibu, weka chini kilicho mkononi mwako. Sasa hivi, kabla mshipa haujadunda tena. Mwite uliyemsingizia kwa sauti ileile uliyomsingizia, mpe nafasi yako, kisha fungua kinywa umwambie mzee wako kweli.