Ufa wa Bi Harusi

Katika karakana yetu ya ndege aliyekuwa mkongwe kuliko wote ni Bibi, na Bibi hakuwa mtu. Alikuwa kipande cha chuma, kiungo cha mguu wa ndege iliyostaafu kabla mimi sijaajiriwa, kinene kama nyonga ya ng'ombe, chenye matundu mawili tuliyoyaita masikio. Chini ya sikio la kushoto alikuwa na ufa, na huo ufa ndio uliokuwa kazi yake duniani. Fundi aliyetaka kuwa mkaguzi wa nyufa alikabidhiwa Bibi. Alimpaka dawa ya kupenya, akamfuta, akaingia naye kwenye kibanda cha giza na kumwashia taa ya zambarau. Dawa iliyojificha ndani ya ufa iliwaka kijani, mstari mwembamba kama unywele. Ukiuona, umefaulu. Kila mwaka mkaguzi alirudi kwa Bibi kuthibitisha kwamba bado anaweza, na kila mwaka Bibi alikuwa anaumwa palepale.

Mafunzo hayo niliyasimamia mimi, pamoja na ukaguzi wa ndani. Kwa lugha ya mafundi, nililipwa kuwasumbua wenye kazi zao. Hawakunionea sana.

Mkaguzi mkuu wa nyufa alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Kazini hakuna aliyemwita jina lake. Aliitwa Kurunzi, kwa sababu ilisemekana anauona ufa kabla chuma chenyewe hakijajua kwamba kimepasuka. Ndiye aliyenitafutia kazi pale, ndiye aliyenifundisha kushika taa, na ndiye aliyenichapa vidole kwa kitambaa siku nilipogusa kwa mkono mtupu chuma alichokwisha kukisafisha. Mafuta ya mkono yanaharibu kazi. Siku ile nililia, yeye akacheka, halafu akaninunulia soda. Ndivyo alivyofundisha.

Balaa lilianza na mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, mtu mpole mwenye suti iliyompwaya, ambaye mafundi walimpachika jina la Daktari wa Meno kwa kuwa kila alipofika hakuwa na neno jingine ila fungua. Fungua kabati, fungua injini, fungua faili. Safari hiyo hakufungua kitu. Alimbeba Bibi mikononi kama mtoto mchanga, akazunguka naye karakana nzima akiwauliza watu ufa uko wapi. Mafundi waliuonyesha bila kuangalia, mmoja huku anatafuna. Mtunza stoo, ambaye taa ya zambarau hajawahi kuishika, aliuonyesha. Mama anayetuletea chai aliweka birika chini, akajifuta mkono kwenye kanga, akagusa chini ya sikio la kushoto na kusema maskini, hajapona tu.

Tukaangua kicheko. Daktari wa Meno naye alitabasamu, akanirudishia Bibi.

"Hapa hamfundishi kutafuta," aliniambia. "Mnafundisha kukumbuka."

Alichoandika kilikuwa kifupi. Kipande kipya kiletwe, wakaguzi wote wapimwe upya, niwapime mimi. Atakayeshindwa, kila kiungo alichokipigia muhuri tangu mwaka uliopita kifunguliwe na kukaguliwa tena. Nilimwendea meneja, nikamkumbusha kwamba mmoja wa watu hao ni mjomba wangu na kwamba haipendezi. Meneja alisema kama ni hivyo tufunge karakana, maana hapa nusu ni mashemeji na nusu iliyobaki inachumbiana. Mwingine mwenye cheti cha kupima hakuwepo. Nikarudi ofisini kwangu.

Tuliuzungumza mkasa wa Bibi kwa siku kadhaa, tukamwigiza mama wa chai. Kurunzi alikuwa fundi wa kuigiza, na kwa kawaida mzaha ulikuwa haujaiva mpaka aukoleze yeye. Safari hii alicheka na wenzake, kisha akanyamaza kabla yao. Nilimwona anamimina chai na kuingiza kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Nilikuwa nimeshaona kidole kile zamani. Nilikuwa nimeshaona pia kwamba anasubiri mtu aseme kwanza ndipo amwite kwa cheo chake, na kwamba akipita kati ya mabawa anatembea na mkono mmoja mbele. Nikasema uzee. Nikafikia hata kumtania, kwamba anatembea kama bwana harusi anayeogopa kukanyaga shela.

Na kulikuwa na ule ubao wa herufi. Wakaguzi wa nyufa hupimwa macho kila mwaka, na zahanati tuliyotumwa ilikuwa na ubao uleule ukutani miaka nenda rudi. Mjomba aliujua wote kwa moyo, kuanzia herufi kubwa ya juu hadi kimstari cha chini kinachofanana na sisimizi waliopanga foleni. Nyumbani kwake aliusoma mezani kwa sauti ya mahubiri, binamu zangu wakimwitikia, na mkaza mjomba akimwambia ale chakula kinapoa. Ukoo mzima uliujua ubao ule. Tulicheka mpaka machozi, na hakuna aliyejiuliza mtu mzima anakariri ubao wa macho ili iweje.

Kipande kipya kilifika kimefungwa karatasi nyeupe kwa tabaka, kwa hiyo jina lake halikutafutwa. Alikuwa Bi Harusi, mwenye masikio mawili kama Bibi. Nilijifungia naye kibandani peke yangu, nikamtafuta ufa mpaka shingo ikauma. Ulikuwa ndani ya mkunjo, upande wa kulia, mfupi kama kucha ya mtoto. Nilitoka nikampa mgongo kila aliyeniuliza. Wakaguzi wengine niliwapima, mmoja mmoja, na wote waliupata, ingawa mmoja alitokwa na jasho kama anaoa kweli. Mjomba nilimweka wa mwisho. Najua kwa nini.

Kwenye kibanda kile kuna utaratibu ambao wageni huuona kama ushirikina. Kabla ya kuwasha taa mnakaa kwanza gizani dakika kadhaa bila kufanya lolote, macho yazoee. Hakuna simu, hakuna saa inayong'aa, mlango unafungwa kwa pazia zito. Zamani hapo ndipo mjomba alipokuwa akinichekesha. Alikuwa na hadithi za gizani tu, ambazo akizisimulia mchana hazina ladha. Siku hiyo tulikaa, yeye kwenye stuli yake, mimi kwenye yangu, Bi Harusi mezani kati yetu, na nilimsikia anasugua magoti kwa viganja.

"Mpwa wangu, uko wapi?" aliuliza.

"Niko hapa, mjomba."

"Sikuulizi wewe."

Nilielewa kwamba anauliza ufa. Mjomba wangu hakuwahi kuniomba kitu tangu nizaliwe, yeye alikuwa upande wa kutoa. Aliendelea taratibu, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Ilikuwa presha ya macho. Alikwenda kwa daktari wa mbali, asikojulikana, akaambiwa kilichokwisha kufa hakirudi. Jicho moja lilikuwa limefunga, la pili linachungulia kama mtu aliye ndani ya bomba. Mke wake hajui. Kustaafu kumekaribia, sherehe imeshaanza kunong'onwa, wenzake wanamchangia saa ya ukutani, nayo atakuwa anaisikia tu. Hapo alicheka kidogo. Kisha akasema kwamba hataki kitu kikubwa, anataka atoke pale akiwa bado Kurunzi.

"Niambie upande tu. Kulia au kushoto. Mengine nitajitafutia."

Tulikuwa wawili. Ningesema neno moja lisilo na uzito wowote, angenyoosha kidole, ningepiga muhuri wangu, tungetoka tukanywe chai. Niliona hata namna mama wa chai atakavyompigia vigelegele.

"Ile ndege ya abiria iliyoko nje," nilimuuliza, "mguu wake uliukagua wiki iliyopita. Uliuonaje?"

Aliacha kusugua magoti.

"Niliujua," alisema.

Niliwasha taa.

Alimshika Bi Harusi kwa glovu, kwa adabu ileile aliyonifundisha, akamgeuza polepole na kumpitisha chini ya mwanga. Mikono haikuwa na kosa. Mtu angepiga picha ile akaiweka kwenye kitabu cha mafunzo. Alipofika kwenye mkunjo wa kulia ufa uliwaka kijani mbele ya uso wake, wazi, hauna haya. Taa ilisimama juu yake. Ilisimama muda wa kunipa tamaa. Kisha ikapita. Alizunguka kote, akarudi, akateremsha kidole chini ya sikio la kushoto.

"Hapa."

Pale palikuwa peusi, chuma kizima kisicho na doa.

"Rudia, mjomba."

Alirudia. Alianza mwanzo kabisa, hakuruka hatua hata moja, na ufa ukamwakia tena usoni. Safari hii kidole kilifika chini ya sikio la kushoto na kubaki hapo bila neno. Nilisikia pumzi yake inapanda na kushuka. Alimlaza Bi Harusi mezani, akavua glovu moja baada ya nyingine, akapapasa mfuko wa ovaroli na kutoa muhuri wake, kile kijimuhuri cha chuma alichokuwa anakifunga kwa mnyororo kama mtu anayeogopa kuibiwa. Akakitafuta kiganja changu gizani, akakiweka.

"Fungua mlango, mpwa wangu. Nimechoka na giza."

Nje mafundi walikuwa wamesimama wakijifanya wana shughuli. Aliwapita bila mkono mbele, akamgonga bega fundi wa matairi na kumwambia asimame kama mtu, si kama nguzo. Walicheka. Hawakuwa wamejua bado. Walijua jioni ile, meneja alipotoa amri ya kufungua kila kiungo chenye muhuri wa Kurunzi.

Ndege ziliegeshwa mstari mmoja, pua zimeelekea ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Mafundi walifungua na kufunga wiki baada ya wiki, na nilipoingia karakana mazungumzo yalikatika. Mtunza stoo aliuliza hewani kama kuna mtu anajua bei ya kumuuza mjomba siku hizi. Mama wa chai aliacha kuniwekea sukari, akasema imekwisha, nayo ilikuwa inaonekana. Kila jioni nilitamani tumalize bila kupata kitu, ili wanichukie kwa haki kabisa.

Kiungo baada ya kiungo kilitoka kizima. Nilianza kuamini kwamba vidole vyake vilikuwa vinaona. Kisha tukaingiza kibandani mguu wa ile ndege ya abiria, na mkaguzi aliyetokwa na jasho siku ya Bi Harusi akaniita kwa sauti ya chini. Ufa ulikuwa kwenye shina la bolti, mrefu kuliko wa Bi Harusi. Ndege ilikuwa imeruka nao na kutua nao tangu mjomba aupigie mguu ule muhuri, watu wakiwa ndani wanakula karanga. Tuliuangalia wote wawili, na tulipotoka nilimwona anakwenda nyuma ya karakana kutapika.

Tangu siku hiyo sukari ilirudi. Lakini Kurunzi hakuwepo wa kuinywa chai ile. Alikuwa ameandikiwa mapumziko ya ugonjwa mpaka siku ya kustaafu, na habari za sherehe zilipotea, hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi.

Nilikwenda kwake siku ya mapumziko, asubuhi. Mlango ulifunguliwa na mkaza mjomba, mwanamke aliyenisuka nywele tangu nina meno ya utotoni. Hakunipisha.

"Umekuja kukagua nini?"

Nilimsalimu shikamoo. Hakuipokea. Alinitazama muda mrefu, halafu akasogea kidogo sana, nikapita kwa ubavu.

Mjomba alikuwa amekaa mezani sebuleni, peke yake, redio imezimwa. Alinitambua kwa hatua, akasema kwamba bado navaa viatu vya kiume. Nilikaa kando yake. Tulizungumza mvua, bei ya unga, mwanawe aliyebadilisha shule. Mkewe alipita mara mbili akifuta kitu kilichokwisha futwa. Nilijiambia kwamba nitakunywa maji, niage, niondoke, wala sitasema.

"Ulikuwepo?" aliuliza.

Hakuutaja ufa. Nilitazama kitambaa cha meza. Ningeweza kumwambia vyote vilikuwa vizima, na pale nyumbani hakuna ambaye angenisahihisha.

"Ulikuwepo, mjomba. Mmoja."

"Wapi?"

"Ndege ya abiria. Kwenye bolti ya mguu, shinani."

Mkaza mjomba alisimama mlangoni na kitambaa chake mkononi. Mjomba alitikisa kichwa polepole, akafungua kiganja na kukilaza juu ya meza, kikitazama juu.

"Nionyeshe."

Kwa kucha yangu niliuchora pale, kuanzia chini ya kidole cha kati, ukipinda kidogo kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Aliniambia nirudie, nikarudia. Aliuliza kama ulikuwa umenyooka au una matawi, na kama uliwaka sana. Nikamwambia uliwaka sana.

Alifunga kiganja, akakiweka mapajani chini ya meza.