Vanishi Kwenye Gari la Baba

Kitambaa kilikwama. Kila asubuhi nilipolifuta gari kiliteleza kutoka kioo cha mbele hadi kwenye taa, mawazo yangu yakiwa kwingine kabisa, lakini siku ile kilikwama katikati ya boneti kana kwamba kimeshikwa na mtu. Niliinama. Gari jeupe la baba lilikuwa limetapakaa vitone vya kahawia, vidogo kuliko mbegu za nyanya, kuanzia boneti hadi mlango wa dereva. Nilipitisha kiganja. Lilikwaruza kama shavu la mwanamume aliyesahau kunyoa.

"Limepata surua!" alisema seremala wetu, aliyekuwa akifungua karakana. Tulimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Aliniangalia usoni, akanyamaza.

Baba alifariki mvua zilipoanza, na sasa zilikuwa zimekatika. Nyumbani tulibaki wawili: mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni, na mama mdogo, mke aliyemwoa baada ya mama yangu kufa. Mama mdogo ndiye aliyepiga vanishi. Kila kabati na kitanda alichomaliza Kimya kilitolewa uani, kompresa ikawashwa, naye akapulizia taratibu, leso imefungwa puani. Gari lilikaa uani humohumo. Kwa hiyo palikuwa na sheria, na aliyeitunga ni yeye: bomba la kupulizia halishikwi kabla gari halijafunikwa shuka. Baba aliwahi kusahau mara moja, akaitwa mharibifu mpaka akaanza kuitikia.

Sasa mwenye sheria ndiye aliyekuwa ameivunja.

Wiki hiyo shangazi, dada yake baba, alikuwa amenipigia simu. "Unakaa na nani hapo? Ndugu yangu hayupo. Njoo kwangu, mwanangu." Nilipomweleza mama mdogo, alikuwa akikunja nguo. Hakuinua uso. "Gari ni lako," alisema. "Chukua uende." Akachukua shati jingine.

Nilipoviona vile vitone, nilidhani nimepata maelezo yaliyobaki: hanitaki tena hapo. Hata kusubiri niondoke alikuwa ameshindwa.

Nilileta ndoo ya sabuni. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Kitone hata kimoja hakikutoka. Nikakimbilia kopo la thina.

"Weka chini hiyo!" Kimya alipiga kelele. "Itakula vanishi, itakula na rangi ya gari. Utabaki na bati!"

Kwenye buti, chini ya gurudumu la akiba, baba alikuwa akiweka udongo laini wa kusafishia magari, ule unaofinyangika kama unga uliokandwa. Nililowesha boneti kwa maji ya sabuni, nikaanza kuuteleza. Ukikandamiza, unakwaruza rangi. Ukilegeza mno, vitone vinabaki vinakutazama. Unasikiliza kwa vidole: kwanza mkwaruzo, kisha mkwaruzo mdogo, kisha udongo unateleza wenyewe. Mpaka leo nikilipita gari la mtu barabarani, kiganja hunisisimka, na inabidi nikifiche mfukoni nisionekane mwizi.

Nilikuwa nalia, lakini kwa namna yangu, bila sauti. Udongo ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

"Nigawie."

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga begani, macho yamevimba. Nilimkatia kipande. Alichuchumaa kwenye mlango wa dereva, akaanza.

Mimi si mtu wa kuuliza. Dukani nikirudishiwa chenji pungufu, naondoka nayo. Lakini siku ile sauti ilinitoka kabla sijaizuia.

"Mama mdogo, kwa nini hukulifunika?"

Mkono wake ulisimama.

"Shuka nilileta," alisema. "Nikaikunjua vizuri, nikaitandaza kuanzia nyuma. Nilipofika hapa mbele, mikono ikagoma." Aligusa kioo. "Baba yako nilimfunika mwenyewe asubuhi ile, mpaka usoni. Sikuweza kulifunika na gari lake. Nikajiambia kabati lenyewe dogo, upepo wenyewe hakuna. Nikaiondoa shuka."

Niliukunja udongo wangu, nikatafuta upande uliobaki safi, nikampa. Akaupokea mkononi mwangu bila kuniangalia.

"Bado pale karibu na taa," Kimya alisema kutoka mlangoni. "Mnaona lakini? Au nije na miwani?"

"Njoo, na mdomo wako uufunge," mama mdogo alimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia kicheko kikipita kwenye sauti yake.

Tulipomaliza nililimwagia maji, nikalikausha. Yeye alifumba macho, akapitisha kiganja polepole kutoka mlangoni hadi kwenye boneti, kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

"Limelainika," alisema. "Utafika nalo kwa shangazi yako bila aibu."

"Ndiyo."

Nilichukua ndoo. Alibaki amesimama palepale, akifinyanga kile kipande kichafu mpaka kikapenya katikati ya vidole vyake.

"Siku ile nilikwambia uchukue gari uende."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Mimi sikukuzaa. Nilijiuliza, nikuzuie kwa haki gani?" Alikidondosha kipande ndooni mwangu. "Sitaki uende."