Mwosha Mchele wa Ukurasa wa Arubaini

Wenzake walipokunjua vitanda vya ofisini walale baada ya chakula cha mchana, Ouyang Suzhen alibaki mezani na chupa yake ya chai, akipitia kitabu cha mashairi ya kale ambacho ofisi yao ya Luoyang ilikuwa ikiwaandalia wageni wanaojifunza Kichina. Akaingia mwanamke mwenye mikono iliyolowa.

"Shairi la ukurasa wa arubaini ni langu," akasema. "Naitwa Yunxiu. Nimekufa miaka elfu na mia mbili sasa. Nataka jina langu."

Suzhen alimkagua toka utosini hadi unyayoni. Wafu wa namna hiyo hawakukosekana. Mwaka juzi mmoja alidai mashairi saba, yote kwa uongo.

"Kakutuma nani?"

"Miguu yangu."

"Hapa mtunzi ni Waziri Gongsun. Mkono wa joho lake umelowa machozi ya kumlilia mfalme."

"Machozi!" Yunxiu alicheka mpaka mmoja wa waliolala akajigeuza. "We dada, nilikuwa naosha mchele! Yule bwana hata jiko hakulijua liko upande gani."

Suzhen akalisoma upya. Maji meupe, vidole vyenye ganzi, kuni zisizotaka kushika moto. Miaka kumi na tisa amewafundisha wageni kwamba kuni hizo ni siasa. Shaka ikamhama mgeni, ikamkalia waziri.

Akampeleka kwa Mkurugenzi Shangguan, aliyekuwa akipikicha macho.

"Mdomo ni nyumba ya maneno, bibi," akasema mkurugenzi. "Lete barua yenye muhuri wa nyumba uliyotumikia."

Kesho yake mchana Yunxiu akarudi nayo. Wino mwekundu ulikuwa bado mbichi. Suzhen akaunusa, akaukwaruza kwa ukucha. Muhuri ulikuwa wa kweli. Katika barua waziri alithibitisha kwamba shairi lilitungwa na Yunxiu, mjakazi wake, aliyenunuliwa pamoja na mbuzi wawili, na kwamba chochote kitokacho kwa mjakazi ni mali ya bwana wake.

"Si unaona?" akasema mkurugenzi, akiitia barua kwenye jalada. "Mambo yamenyooka."

"Lakini amekiri, mkurugenzi!"

"Amekiri kwamba ni mali yake."

Kitabu kikatoka mwezi wa tano, na jina la waziri, na machozi ya kumlilia mfalme. Yunxiu akaja kuomba nakala moja. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba nakala za bure hupewa watunzi tu.